Maswali ya Wasomaji: Reli za Magogo Zilizomezwa na Msitu

Barua nne tulizozipokea mwezi huu zinahusu jambo moja, ingawa waandishi wake hawajuani: reli zilizojengwa milimani kwa ajili ya kuteremsha magogo, kisha zikaachwa. Nimeamua kuzijibu pamoja, kwa kuwa jibu la barua moja linaifungulia njia barua inayofuata.

SWALI: Ndugu mhariri, salamu nyingi kutoka Manchester, katika jimbo la New Hampshire, Marekani. Mimi ni mzaliwa wa Uvira, na huu ni mwaka wangu wa saba hapa ugenini. Mwezi wa Oktoba kanisa letu liliandaa matembezi ya vijana kwenye Milima ya White, mahali panapoitwa Lincoln Woods. Tulivuka daraja linaloning'inia, tukaingia katika njia pana, iliyonyooka kana kwamba ilipimwa kwa kamba, na kila baada ya hatua chache nilikuwa nakanyaga mbao nene zilizolala kwa kukingama, nusu yake zimezikwa udongoni. Mwanangu aliniuliza ni nani aliyezilaza mbao zile porini, nikakosa jibu. Baadaye tuliambiwa kwamba palikuwa na reli. Reli ya kwenda wapi, ilhali huko mbele hakuna mji wala kijiji? Na mtu asiye mtaalamu atajuaje kwamba njia anayopita ilikuwa ya treni?
Msomaji, Manchester, New Hampshire

JIBU: Mweleze mwanao kwamba mbao zile huitwa mataruma, na kwamba juu yake zilifungwa reli za chuma za East Branch & Lincoln, reli ya magogo iliyoanza kujengwa mwaka 1893 kutoka mji wa Lincoln na kufuata mto uitwao East Branch wa Pemigewasset. Aliyeijenga ni mfanyabiashara wa mbao, James Everell Henry, ambaye alihamia Lincoln mwaka 1892 baada ya kuvuna miti ya bonde la jirani liitwalo Zealand, ambako alikuwa na reli ya namna hiyo hiyo tangu katikati ya miaka ya 1880.

Swali lako la pili, reli ya kwenda wapi, limegusa kiini cha jambo lenyewe. Sisi tumezoea reli inayounganisha mji na mji au bandari na bara, yenye stesheni, nauli na ratiba. Reli ya magogo ina kiwanda cha mbao upande mmoja, na upande wa pili ina mti uliosimama; mti ule ukishaangushwa, mwisho wa reli husogezwa mbele hadi kwenye mti mwingine, na bonde likiisha, reli hung'olewa na kutandazwa katika bonde jipya. Ndiyo maana ukizijumlisha njia zote ambazo East Branch & Lincoln ilipitia katika uhai wake unapata zaidi ya kilomita 100, ingawa kilomita hizo hazikuwahi kutandazwa zote kwa wakati mmoja. Kandokando ya njia hizo palikuwa na kambi zaidi ya 20, nazo zilipewa namba badala ya majina. Mkirudi huko tena, na vijana wakiwa na nguvu, vukeni kijito cha Franconia Brook mwendelee na njia. Kiasi cha kilomita saba na nusu kutoka mlipoanzia, mtafika mahali penye uwazi ambapo palikuwa Kambi namba 16. Wanaume walilala hapo kwa miezi, pamoja na farasi wao, kwa sababu kazi nyingi ya kuvuta magogo kutoka mlimani hadi kwenye reli ilifanyika majira ya baridi, theluji ikisaidia magogo kuteleza.

Sasa, mtu wa kawaida atajuaje kwamba anatembea juu ya reli iliyokufa? Naomba nilieleze hili kwa kirefu, kwa sababu mtu akishalijua hawezi tena kutembea mlimani kama zamani. Dalili kuu ni mwinuko. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma huteleza kwa urahisi mno, na kwa hiyo treni haipandi mlima kama apandavyo mbuzi. Mwinuko wa mita nne kwa kila mita 100 za mwendo ni mkali kwa treni, wakati kwa miguu yako huusikii kabisa. Kwa hiyo ukiwa katika nchi ya milima, huku vilele vikikuzunguka, halafu ukagundua kwamba umetembea saa nzima bila kuhema, usidhani kwamba Mungu aliumba ubapa ule. Mtu aliupima na wengine wakauchimba.

Baada ya hapo tazama pande mbili za njia. Pale ambapo mlima ulitokeza pua, wajenzi waliikata, nawe utajikuta katikati ya kuta mbili za udongo au mawe. Pale ambapo ardhi ilizama, walijaza kifusi mpaka likapatikana tuta, nawe utajikuta unatembea juu huku ardhi ikiporomoka kushoto na kulia. Mara nyingi udongo uliochimbwa kwenye pua ya mlima ndio uliojaza bonde linalofuata, kwa hiyo ukiona mkato, tarajia tuta hatua chache mbele. Njia ya miguu huzunguka jiwe na kuteremka kijitoni ili ivuke. Reli haifanyi hivyo, na ukikuta njia imekatika ghafla ukingoni mwa kijito, kisha ukaiona inaendelea ng'ambo kwa kimo kile kile, basi hapo palikuwa na daraja, na ukichungulia chini huenda ukaona rundo la mawe yaliyopangwa au magogo yaliyooza ambayo yalikuwa miguu ya daraja hilo. Kona nazo ni shahidi. Treni hupinda polepole, kwa hiyo njia yake haina kona kali, na inapogawanyika, matawi yake mawili huachana taratibu kama vidole viwili vya mkono vilivyokaribiana. Hapo ndipo palipokuwa na mchepuko wa kuelekea kambi au kituo cha kupakilia magogo.

Mataruma yenyewe yanastahili mtu kupiga magoti. Niliwahi kuinama juu ya taruma moja katika njia hiyo hiyo mliyopita ninyi, asubuhi baada ya mvua. Uso wake wa juu ulikuwa umelika na kubaki na mifereji myembamba iliyofuata nyuzi za mti, na mimea ya kijani mifupi kama zulia ilikuwa imejaa ndani ya mifereji hiyo. Karibu na kila ncha palikuwa na matundu mawili, nayo hayakuwa ya mviringo: yalikuwa ya pembe nne, kwa kuwa msumari wa reli huwa wa pembe nne. Kati ya matundu yale mawili ndipo kitako cha reli kilipokuwa kimekaa. Nilinyoosha kamba kutoka katikati ya jozi moja hadi katikati ya jozi ya pili, nikapata mita moja na nusu hivi, ambao ndio upana unaoutarajia kwa reli ya geji sanifu, ile ile inayotumika katika reli kubwa za Marekani na katika SGR za kwetu Afrika Mashariki. Jambo hili lina maana: magogo ya Henry na shehena za kiwanda chake ziliweza kuunganishwa na mtandao mzima wa reli wa nchi ile bila kuhamishwa kutoka behewa hadi behewa. Naomba msomaji alikumbuke, kwa sababu tutakapofika kwenye barua ya mwisho, ya Muheza, tutakuta kinyume chake.

Ukitaka kujiandaa nyumbani kabla ya safari, ramani za zamani za serikali ya Marekani zinapatikana bure kwenye intaneti, na nyingi zinaonyesha reli ambazo leo hazipo. Siku hizi kuna msaada mkubwa zaidi: ndege hupita juu ya msitu ikirusha miale ya leza, nayo kompyuta huondoa miti yote na kubakiza sura ya ardhi tupu. Jimbo la New Hampshire limeweka picha hizo wazi kwa wananchi ili wasaidie kutambua kuta za mawe za mashamba ya zamani. Matuta ya reli huonekana humo waziwazi, kama mishipa kwenye mkono wa mzee, hata yale ambayo ukiyapita kwa miguu usingeyatambua kwa wingi wa vichaka.

SWALI: Mhariri, mimi ni mstaafu wa reli, na mataruma nimeyabeba begani mwangu ujanani. Kuna mambo mawili sijayaelewa kuhusu hizi reli za wakata miti. Kwanza, walipandaje milima yenye mwinuko ambao kichwa cha treni cha kawaida kingeshindwa? Pili, reli ni mali ya gharama kubwa. Iliwezekanaje kuitelekeza msituni?
Mstaafu, Eldoret

JIBU: Mzee wetu, shikamoo, na asante kwa swali la mtu aliyeifanya kazi yenyewe. Kuhusu la kwanza, njia zilikuwa tatu. Njia ya kwanza ilikuwa ni kufuata mto, kwa sababu mto umekwisha kuutafuta mteremko ulio nafuu, na ndivyo ilivyofanya njia kuu ya Lincoln. Njia ya pili ilikuwa kupanda kwa kwenda mbele na kurudi nyuma: treni inapanda ubavu wa mlima mpaka inafika mwisho wa kipande cha njia, pale reli inabadilishwa, kisha inapanda kipande kinachofuata kinyumenyume, na hivyo hivyo mpaka juu, bila kuhitaji nafasi ya kugeuka. Msituni mahali kama hapo hutambulika kwa tuta linalokwenda mbele na kuishia hewani bila sababu, huku tuta jingine likianzia karibu yake kuelekea ulikotoka. Wengi wanaotembea mlimani hufika hapo wakadhani wamepotea.

Njia ya tatu ilikuwa kubadilisha kichwa cha treni chenyewe. Mkata miti wa Michigan aitwaye Ephraim Shay alipata hataza ya kichwa cha aina yake mwaka 1881. Badala ya pistoni kusukuma magurudumu kwa vyuma virefu vya pembeni kama ulivyozoea wewe, pistoni zake zilisimama wima upande mmoja wa boila, zikazungusha mhimili mrefu uliolala kandokando ya treni, nao mhimili ukayazungusha magurudumu yote kwa meno ya gia, hata yale yaliyo chini ya tangi la maji. Kilikwenda polepole mno, lakini kilivuta mzigo kwenye mwinuko na kwenye reli zilizopinda ambapo kichwa cha kawaida kingeteleza au kuacha njia. Kiwanda cha Lima, huko Ohio, kilitengeneza zaidi ya 2,700 vya namna hiyo. Na wewe unajua vizuri kuliko mimi kwamba kupanda ni nusu tu ya kazi: mzigo ulikuwa ukiteremka, na maisha ya watu yalikuwa mikononi mwa wafunga breki waliosimama juu ya magogo wakizungusha breki za mkono.

Kuhusu la pili, jibu ni kwamba kitu cha thamani hawakukiacha. Reli za chuma ziling'olewa na kupelekwa bonde jingine, na za mwisho ziliuzwa. Yaliyoachwa ni yale ambayo kuyabeba kungegharimu kuliko kutengeneza mapya: mataruma, matuta na miguu ya madaraja. Katikati ya msitu uliojaa miti, taruma ni kitu cha bei rahisi sana.

Lakini kilichoiua biashara yenyewe ni mambo kadhaa, nami naona moto ndio unaostahili kutajwa kwanza. Wakata miti walichukua magogo na kuyaacha matawi na vilele vikikauka mlimani, kisha treni za moshi zikapita katikati ya kuni hizo zikitoa cheche. Zealand iliungua mwaka 1886. Mwaka 1903 mioto ilienea sehemu nyingi za Milima ya White, na mwaka 1907 moto mkubwa ukaunguza miteremko ya mlima Owl's Head, ndani ya eneo la reli ya Lincoln. Moshi ule, pamoja na mito iliyojaa udongo na kuwatia hasara wenye viwanda vya nguo walioutegemea mto Merrimack huko chini, uliwaamsha wananchi wakadai serikali iingilie kati. Mwaka 1911 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ijulikanayo kwa jina la mbunge John Weeks, iliyoiruhusu serikali kuu kununua ardhi za milimani kutoka kwa watu binafsi ili kulinda vyanzo vya mito, na mwaka 1918 ukaundwa Msitu wa Taifa wa White Mountain. Henry alifariki mwaka 1912; wanawe waliiuza kampuni mwaka 1917; malori na barabara vikaanza kufanya kazi ya reli; na mwaka 1948 reli ya East Branch & Lincoln ikafungwa, baada ya miaka 55. Kwa reli ya magogo huo ni umri mkubwa sana, kwa maana nyingi hazikufikisha hata miaka 20.

Kuna jambo moja linalonigusa kila ninapolifikiria. Mwaka 1984 eneo lile lililokuwa na kambi, moshi na kelele za misumeno lilitangazwa kisheria kuwa pori la asili, ambamo hakuruhusiwi injini wala gurudumu, na hata madaraja ya watembea kwa miguu huondolewa yanapochakaa. Daraja refu la kuning'inia lililokuwa ndani ya pori hilo liliondolewa mwaka 2009. Kwa hiyo mtu anayepita huko leo anaona msitu mnene, anadhani haujaguswa tangu kuumbwa kwa dunia, kumbe chini ya nyayo zake kuna mataruma.

SWALI: Mhariri, naomba ushauri bila kutaja jina langu. Mimi ni kijana, nasoma chuo hapa Concord. Nilipokuwa nikitembea katika mabaki ya kambi moja ya wakata miti niliokota msumari mkubwa wa reli wenye kutu na kipande cha kiatu cha farasi, nikavitia mkobani. Nilidhani ni takataka. Sasa rafiki yangu ananiambia kwamba nimevunja sheria. Je, ni kweli, na nifanye nini?
Msomaji, Concord, New Hampshire

JIBU: Rafiki yako amesema kweli. Katika ardhi ya misitu ya taifa nchini Marekani, vifaa vya kihistoria havichukuliwi, hata kama vimelala wazi na vimeliwa na kutu, na sheria ya mwaka 1979 inayolinda mabaki ya kale inaweka adhabu kubwa zaidi kwa vitu vyenye umri wa miaka 100 au zaidi. Kambi nyingi za reli ile zimekwisha kuuvuka umri huo. Usivisafishe, usivipake mafuta, wala usiondoe kutu. Kama unapakumbuka barabara mahali ulipoviokota, wasiliana na ofisi ya msitu uwaeleze kwa uwazi, nao watakuelekeza namna ya kuvirudisha. Mtu anayejitokeza mwenyewe huwarahisishia kazi.

Naona ni vizuri uelewe pia sababu, ili usitii kwa woga tu. Msumari mmoja mkononi mwako ni chuma chakavu. Msumari huo huo ukiwa udongoni, mita mbili kutoka kwenye tuta, ukifuatana na mingine kwa mstari, unaonyesha mahali palipokuwa na mchepuko ambao hauko kwenye ramani yoyote. Kiatu cha farasi kikikutwa pamoja na vingine vingi kwenye kona ya uwazi kinaonyesha mahali lilipokuwa zizi, na zizi likijulikana, jiko na bweni huweza kukisiwa. Wakata miti wale, wengi wao wahamiaji waliofika na lugha zao kutoka Kanada na Ulaya, hawakuacha maandishi mengi kuhusu maisha yao. Vitu vile, vikiwa pale vilipoangukia, ndiyo maandishi yao. Wewe umeng'oa herufi mbili, na bado kuna nafasi ya kuzirudisha.

SWALI: Mhariri, marehemu babu yangu alikuwa akisimulia habari za treni ndogo iliyokuwa ikipanda hadi Sigi, chini ya Amani, kuchukua mbao. Vijana wenzangu hapa Muheza wananicheka, wanasema treni haiwezi kupanda Usambara. Je, ilikuwepo? Na kama ilikuwepo, nitaona nini nikienda?
Msomaji, Muheza

JIBU: Babu yako alisema kweli, na ningependa vijana wenzako wasome jibu hili. Reli ya Sigi ilikuwepo. Wajerumani walianza kuijenga mwaka 1904 na kuikamilisha mwaka 1910, kutoka Tengeni, kwenye reli kuu ya Tanga, hadi Sigi katika Usambara Mashariki, mwendo wa kilomita 23 na ushei. Ilikuwa ya kampuni binafsi, na kusudi lake kuu lilikuwa kuteremsha magogo na mbao za msitu wa mlimani. Inastaajabisha kwamba reli kuu ya Tanga ilianza kujengwa mwaka 1893, mwaka ule ule ambao Henry alianza kutandaza reli yake Lincoln, na ikafika Muheza mwaka 1896.

Treni yenu ilikuwa ndogo kweli, kama alivyosema babu. Upana kati ya reli zake ulikuwa sentimita 75 tu, wakati reli ya Tanga ina upana wa mita moja. Reli nyembamba ni nafuu kujenga kwenye ubavu wa mlima, kwa sababu tuta lake ni dogo na inaweza kupinda kona kali zaidi. Lakini ilikuwa na gharama yake: behewa la Sigi halikuweza kuingia kwenye reli ya Tanga, kwa hiyo kila gogo lililofika Tengeni lilibidi lishushwe na kupakiwa upya. Nani alifanya kazi hiyo? Ni mikono ya vibarua, na kama babu yako aliwahi kusema lolote kuhusu Tengeni, kuhusu ujira au kuhusu nyimbo za kusukumia magogo, usiliache lipotee. Kuhusu kupanda Usambara, ni zile mbinu nilizomweleza mzee wa Eldoret: kufuata mto, na kwenda mbele na kurudi nyuma pale ubavu ulipozidi ukali.

Reli hiyo haikupanda hadi Amani penyewe. Sigi ipo kiasi cha mita 450 juu ya usawa wa bahari, na Amani iko karibu mita 900, kwa hiyo kutoka mwisho wa reli watu na mizigo waliendelea kwa barabara. Walikuwa wengi, kwa sababu mwaka 1902 Wajerumani walianzisha Amani taasisi kubwa ya utafiti wa mimea na kilimo, na reli ya magogo ikawa pia njia ya wataalamu, ya miche na ya vifaa vyao. Chuma cha reli kiling'olewa miongo mingi iliyopita. Lakini nyumba ya mkuu wa stesheni ya Sigi ilibaki, ikakarabatiwa, na leo ndicho kituo cha habari kwenye lango la Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, iliyotangazwa mwaka 1997 na ambayo sasa husimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Wageni wanalipia kiingilio na kuuliza habari za vipepeo na maua kwenye nyumba ambayo watu waliingojea treni, na wengi huondoka bila kulijua hilo.

Nenda wakati wa ukame, kwa sababu masika ya Usambara huufanya udongo uteleze na vichaka vifunge njia. Jitambulishe langoni, lipa kiingilio, na mwombe kiongozi wa wageni mwenye umri mkubwa kidogo kama yupo. Simama mbele ya nyumba ya stesheni uipe mgongo, kisha jiulize: treni ingetokea wapi? Tafuta ardhi iliyo bapa kuliko inavyopaswa kuwa. Hapo kuna tahadhari moja ambayo msomaji wa Manchester hakuihitaji. Katika miaka ya 1970 na 1980 magogo ya Usambara Mashariki yalivunwa kwa mashine na malori, na barabara za malori hayo nazo zimemezwa na msitu. Usizichanganye na reli. Lori hupanda kwa pupa na kukata kona kwa ghafla. Njia ya treni ni ya subira. Isitoshe, pale ambapo msitu ulifunguliwa kwa uvunaji, mara nyingi utakuta musizi umetawala, mti mgeni unaokua haraka na kujaza kila uwazi, kwa hiyo musizi mwingi ni dalili ya shoka na mashine, si lazima iwe dalili ya reli.

Ukikuta kipande cha chuma, kiache kilipo, ukipige picha pamoja na kitu cha kulinganishia ukubwa, na uwaonyeshe watu wa hifadhi. Najua kwamba chuma chakavu kina soko Muheza, na ndiyo sababu nasisitiza.

Na kama una siku ya ziada na nauli, upande wa pili wa Usambara, kule Shume, Wajerumani hawakuthubutu kujenga reli kabisa. Kampuni ya Bleichert ya Leipzig iliwajengea wavunaji wa mierezi njia ya kamba za chuma zilizoning'inia juu ya makorongo, yapata kilomita tisa, kutoka uwanda wa juu mpaka stesheni ya Mkumbara huko tambarare, tofauti ya kimo ikiwa kama mita 1,500, na magogo yakateremka yakielea hewani. Hilo nitalieleza siku nyingine likiulizwa.

Kabla hujaenda Sigi, kaa kwanza na wazee waliobaki Tengeni na katika vijiji vilivyo njiani, uwaulize treni ilisimama wapi na mahali hapo paliitwaje. Andika majina kama wanavyoyatamka wao, hata kama ni ya Kishambaa au Kibondei na hayapo kwenye ramani, na yale aliyokuambia babu yaandike kwa maneno yake mwenyewe. Tutumie nakala, tutaichapa hapa hapa.